Je, Mshindi wa Elimu Humshinda Nani?



Mzee mmoja ambaye tunaheshimiana naye sana alinijia jioni moja akiwa na huzuni iliyochanganyika na hasira. Kijana wake, aliyekuwa kidato cha tatu, alichaguliwa na walimu kwenda kushindana katika hisabati pamoja na wanafunzi wa shule nyingine. Jamaa walimchangia nauli, mama yake akamshonea shati jipya, na asubuhi ya safari majirani walimwombea dua. Siku ya tatu kijana alirudi mikono mitupu. Hakuwa wa kwanza wala wa kumi. Katika maswali sita aliyopewa alilimaliza moja tu. Baba yake alimpokea kwa neno moja: "Umetuaibisha." Tangu usiku ule kijana hakufungua tena daftari lake la hisabati.

Mzee alikuja na maswali mawili. La kwanza, kama ni jambo jema watoto kushindanishwa katika elimu, hali elimu ni neema ya Mwenyezi Mungu na si mbio za farasi. La pili, alilolisema kwa sauti ya chini zaidi, ni kama yeye mwenyewe alikosea. La pili nilimjibu pale pale, kwani halikuhitaji kitabu. La kwanza limenichukua siku nyingi, nalo ndilo ninalotaka tulitazame pamoja.

Kwanza tujue mambo haya yalianzaje, maana watu wengine hudhani kwamba ni mchezo uliozuka juzi. Mwaka 1894, katika nchi ya Hungaria, jumuiya ya wanahisabati na wanafizikia ilianzisha mashindano kwa vijana waliokuwa wamemaliza shule. Walipewa maswali machache na saa chache. Ajabu ni kwamba waliruhusiwa kuingia na vitabu vyao. Tafakari, msomaji, ni mtihani wa namna gani huo ambao mtahiniwa huambiwa, "Lete kitabu chochote utakacho." Waliouweka walijua kwamba jawabu halimo kitabuni, na aliyekuja na mzigo wa kuhifadhi tu atatoka na mzigo wake vile vile.

Mwaka 1959 Romania iliwaalika vijana wa nchi sita nyingine za upande ule wa Ulaya, yaani Hungaria, Bulgaria, Poland, Chekoslovakia, Ujerumani Mashariki na Umoja wa Kisovieti, na hapo ndipo ilipoanza Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati. Tangu hapo imefanyika kila mwaka isipokuwa mwaka 1980, na leo nchi zinazopeleka vijana ni zaidi ya 100. Afrika nayo ilianza mashindano yake ya bara zima mwaka 1987 huko Morocco, na mwaka 2014 Olimpiadi yenyewe ilifanyika kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, katika mji wa Cape Town. Kila nchi hupeleka vijana wasiozidi sita, ambao hawajatimiza miaka 20 wala hawajaanza chuo kikuu. Hukaa siku mbili, kila siku saa nne na nusu, kila siku maswali matatu. Kila swali lina alama 7, hivyo aliyepata zote ana 42.

Lakini maneno haya yote hayatakuonyesha jambo lenyewe mpaka ulionje. Basi chukua kalamu. Swali la kwanza kabisa la mwaka ule wa 1959 lilikuwa kama hivi. Chagua namba nzima yoyote uipendayo. Izidishe kwa 21, kisha ongeza 4. Irudie namba ile ile, izidishe kwa 14, kisha ongeza 3. Andika ile ya kwanza juu na ile ya pili chini, kama tunavyoandika sehemu. Ukichagua 1 utapata 25 juu ya 17. Ukichagua 2 utapata 46 juu ya 31. Ukichagua 10 utapata 214 juu ya 143. Hakuna hata moja katika hizo inayoweza kurahisishwa, yaani hakuna namba zaidi ya 1 inayoweza kuigawanya ya juu na ya chini pamoja bila kubakisha. Vijana waliambiwa wathibitishe kwamba hali hiyo ni kweli daima, kwa kila namba nzima isiyo hasi, hata zile ambazo hakuna mwanadamu aliyewahi kuziandika.

Hapa mwenye pupa hukwama. Atajaribu namba kumi, ishirini, mia. Kila mara atakuta ni kweli, lakini hatakuwa amethibitisha kitu, kwa kuwa namba hazina mwisho na umri wake una mwisho. Aliyetulia huona njia. Izidishe ile ya juu kwa 2: utapata namba yako mara 42, na 8 zaidi. Izidishe ile ya chini kwa 3: utapata namba yako mara 42, na 9 zaidi. Tofauti ya hizo mbili ni 1 tu, hata ungechagua namba gani. Sasa, kitu kinachozigawanya zote mbili bila kubakisha, lazima kiigawanye na tofauti yao. Na hakuna namba nzima kubwa kuliko 1 inayoweza kuigawanya 1. Kwisha. Mistari mitatu imefunga mlango ambao miaka elfu ya kujaribu isingeufunga.

Ikiwa umenifuata mpaka hapa, basi sasa unajua ninachokijua. Nakuuliza: mimi nimepungukiwa na nini? Kama ningekugawia mkate wangu ningebaki na nusu. Kama ningekuuzia shamba, jina langu lingefutwa katika hati na lako kuandikwa. Lakini kweli hii imekuingia wewe nzima, nami ninayo nzima, na yule kijana wa Romania au wa Poland aliyeiona mwaka 1959 anayo nzima. Hii ndiyo hali ya elimu ya kweli, nayo inaitenga na mali zote nyingine ambazo watu hugombania.

Kwa hiyo katika ukumbi wa mashindano haya mna vitu viwili ambavyo macho yetu huvichanganya. Kimoja ni kweli, ambayo haipungui kwa wengi kuipata. Cha pili ni cheo, ambacho hupungua. Kwani katika Olimpiadi medali hutolewa kwa karibu nusu tu ya washindani, na kila dhahabu moja huwekewa fedha mbili na shaba tatu. Wa kwanza akiwa mmoja, wengine wote si wa kwanza. Mzee wetu alikuwa amekiangalia cheo, na kijana wake, nadhani, siku alipoondoka nyumbani alikuwa angali akiitafuta kweli.

Mtu anaweza kunijibu: "Bwana mwandishi, hiyo ni lugha tamu, lakini mashindano ni mashindano. Anayeshindana hutaka kumwangusha mwenziwe." Hoja hii haina uzito kama inavyodhaniwa. Hebu fikiria mpira wa miguu. Mlinda mlango amewekwa pale kwa kazi moja, kukuzuia. Bao lako ni hasara yake, na hasara yake ni furaha yako. Hamwezi kufurahi pamoja kwa bao lile lile. Fikiria miereka, ambako mgongo wa mmoja lazima uguse mchanga. Sasa ingia katika ukumbi wa hisabati. Mia kadhaa ya vijana wameinama juu ya karatasi. Nani anamzuia nani? Kijana wa meza ya pili hawezi kuishika kalamu ya kijana wa meza ya tatu, wala kulifanya swali lake liwe gumu zaidi. Kila mmoja amekabiliwa na swali, na swali halimjui baba yake wala rangi ya pasi yake ya kusafiria. Wote wangeweza kulitatua, na ingekuwa halali yao wote. Wote wangeweza kushindwa. Kwa saa nne na nusu hakuna mtu anayepigana na mtu. Kupigana, kama kupo, huanza baada ya kalamu kuwekwa chini, tunapoingia sisi watu wazima na orodha zetu.

Je, basi orodha zifutwe? Kuna wakati nilielekea kusema ndiyo. Niliacha kusema hivyo kwa sababu ya wale ambao bila orodha wasingeonekana kabisa. Nchini Iran palikuwa na msichana aitwaye Maryam Mirzakhani. Katika mwaka wake wa kwanza wa shule ya kati hakufanya vizuri katika hisabati. Baadaye yeye na rafiki yake Roya Beheshti waliyapata maswali ya mashindano, wakayapenda, na mkuu wa shule yao akakubali wasichana wapate mafunzo sawa na yaliyokuwa yakitolewa kwa wavulana. Mwaka 1994 hao wawili wakawa wasichana wa kwanza katika timu ya Iran. Mirzakhani alipata dhahabu mwaka huo, na mwaka uliofuata, huko Toronto, alipata alama zote 42. Mwaka 2014 akawa mwanamke wa kwanza katika dunia kupewa nishani ya Fields, ambayo ni miongoni mwa heshima kubwa kabisa za wanahisabati. Alifariki mwaka 2017, angali kijana. Bila mlango ule wa mashindano huenda kipaji chake kingejulikana kwa njia nyingine. Lakini ni wangapi ambao kwao hakuna mlango mwingine? Mtoto wa shule ya mbali, yenye mwalimu mmoja wa hisabati au asiye naye kabisa, hana mjomba mjini wa kumpeleka kwa wakubwa. Karatasi yenye jawabu sahihi humpeleka.

Na tazama hekima iliyofichika: Mirzakhani huyo alijieleza kuwa ni mtu wa kufikiri polepole. Mashindano yalimtambua, ingawa hupima kwa saa. Kazi zake kubwa zilizofuata zilidai miaka. Kwa hiyo asiyetambuliwa katika saa nne na nusu haifai tumhukumu kwamba hana kitu.

Mwaka 1988 Olimpiadi ilifanyika Canberra, Australia. Swali la sita la mwaka ule limekuwa mashuhuri. Tafuta namba nzima chanya mbili ambazo, ukizidisha moja kwa nyingine na kuongeza 1, jawabu hilo litagawanya bila kubakisha jumla ya vipeo vya pili vya namba hizo. Kwa mfano 8 na 30: vipeo vyake ni 64 na 900, jumla 964, 8 mara 30 ni 240, ukiongeza 1 ni 241, na 964 ukiigawanya kwa 241 ni 4. Thibitisha kwamba kila inapotokea hivyo jawabu la mwisho ni kipeo cha pili cha namba nzima, kama 4 ilivyo kipeo cha 2. Wataalamu waliokusanywa kuyachagua maswali hawakuweza kulitatua, na wanahisabati wa Australia waliopelekewa hawakulimaliza katika muda waliopewa. Wanafunzi kumi na mmoja walilitatua kikamilifu. Miongoni mwa wale wasiolitatua alikuwamo mtoto wa Australia mwenyewe, Terence Tao, ambaye katika swali hilo alipata alama 1 tu kati ya 7. Mtoto huyo alipewa dhahabu kwa ajili ya maswali mengine, akiwa na umri wa miaka 13 hivi, na mwaka 2006 akapewa nishani ya Fields. Sijui kama kuna mtu aliyemwambia kwamba ameiaibisha Australia.

Sasa nifike mahali ambapo ningependelea kupita haraka, lakini haitakuwa haki kwako, msomaji, wala kwangu. Nilipokuwa mwanafunzi, shule yetu ilishindana na shule ya jirani katika hesabu. Swali la mwisho lilikuwa gumu, na mimi nilikuwa nimekwisha kuliona, pamoja na jawabu lake, katika kitabu kikuukuu nilichokikuta nyumbani kwa mtu. Niliandika jawabu lile kama nilivyolikumbuka. Mwenzangu wa shule ya pili alilitafuta kwa akili yake, kwa njia ndefu yenye kufuta na kurudia, akakaribia sana kulimaliza. Mimi nikawa wa kwanza, yeye wa pili. Nilipewa kamusi mbele ya watu, watu wakapiga makofi, na mwalimu mkuu akasema kwamba akili kama hii ni nadra. Sikuwa nimenakili kwa mtu, wala sikuvunja sheria yoyote iliyoandikwa. Nilinyamaza tu. Kamusi ile ninayo mpaka leo. Karatasi zake zimekuwa za manjano, na kila nitafutapo neno ndani yake, namkumbuka yule kijana akinishika mkono kwa adabu na kuniambia hongera.

Nimelifikiri sana kosa lile. Zamani nilidhani kwamba nilimwibia yeye nafasi ya kwanza. Ni kweli, nilimwibia. Lakini yeye alitoka pale na kitu alichokipata usiku ule kwa jasho lake, njia yake ndefu, ambayo ilikuwa yake kweli kweli. Mimi nilitoka na sifa ya kitu nisichokuwa nacho, nikalazimika kukilinda kwa miaka. Kila swali jipya liliponijia niliogopa lisije likanifichua. Riya ina adhabu ambayo haingoji Siku ya Kiyama ili ianze.

Wanaosimamia Olimpiadi wanaujua udhaifu huu wa wanadamu. Viongozi wa timu, ambao huyaona maswali mapema, hutengwa na wanafunzi wao hadi mtihani umalizike. Hata hivyo, mara mbili, mwaka 1991 na mwaka 2010, timu ya Korea ya Kaskazini iliondolewa katika mashindano kwa tuhuma za kuyajua maswali kabla ya wakati. Na ziko njia nyingine zilizo nyembamba zaidi. Baada ya mtihani, kiongozi wa kila nchi huzisoma karatasi za vijana wake, kisha huketi na wasahihishaji wa nchi mwenyeji ili wakubaliane juu ya alama. Fikiria mtu huyo. Ameshika karatasi iliyoandikwa kwa lugha ambayo pengine msahihishaji haielewi. Yeye ndiye anayefasiri. Katika mstari wa tano pana pengo, kijana aliruka hatua. Je, atasema, "Hapa alikusudia hivi," au atasema, "Hapa hakuthibitisha"? Alama moja inaweza kuwa tofauti ya shaba na bure, na nyumbani magazeti yanangoja. Mimi nadhani kwamba mashindano makali zaidi katika jengo lile ni haya, na hakuna medali yake. Kijana alipimwa akili. Mtu mzima hupimwa amana.

Yupo aliyeyapata yote kisha akauacha utukufu wake. Grigori Perelman wa Urusi alipata alama zote katika Olimpiadi ya mwaka 1982 huko Budapest. Baadaye alilitatua swali lililowashinda wanahisabati kwa takriban miaka mia. Mwaka 2006 alikataa nishani ya Fields, na mwaka 2010 akakataa tuzo ya dola milioni moja, akieleza miongoni mwa sababu zake kwamba mchango wa mwanahisabati wa Kimarekani, Richard Hamilton, aliyeifungua njia hiyo, haukuwa mdogo kuliko wake. Sisemi kwamba kila apewaye tuzo aikatae. Mwenye watoto na kodi ya nyumba ana haki ya kuipokea kwa shukrani. Nasema kwamba mtu huyo alijua hesabu ya deni lake. Nilipoisoma habari ile niliiweka gazeti chini, nikaitazama kamusi yangu rafuni.

Lakini unyofu katika mashindano si mwisho wa jambo, kwani mtu anaweza kushinda kwa haki kabisa na bado swali kubwa likabaki: akili hiyo itatumiwaje? Wale Wahungaria tuliowataja walifaulu mno katika kuvumbua vipaji. Leo Szilard alipata tuzo katika mashindano yao mwaka 1916, na Edward Teller alishinda mwaka 1925. Wote wawili waliondoka Ulaya, wote wawili wakafika Marekani, na wote wawili wakawa na mkono katika kazi iliyozaa bomu la atomiki. Szilard ndiye aliyechochea barua ya mwaka 1939 ambayo Einstein alimpelekea Rais Roosevelt kumtahadharisha juu ya silaha hiyo. Mwezi Julai 1945, bomu lilipokuwa tayari, Szilard huyo huyo alizungusha waraka miongoni mwa wanasayansi wenzake kumsihi Rais asiitumie dhidi ya Japani kabla ya kuipa Japani nafasi ya kusalimu amri kwa masharti yaliyo wazi. Teller hakutia sahihi yake, na miaka iliyofuata alisimama mstari wa mbele kudai bomu kubwa zaidi, la haidrojeni. Karatasi zao za ujanani zilisahihishwa kwa kalamu ya namna moja. Hakuna swali hata moja katika zile walizopewa ambalo lingeweza kuonyesha ni nani atakayeuandika waraka na ni nani atakayekataa kuutia sahihi. Mashindano huonyesha ukali wa kisu. Juu ya mkono utakaokishika hayasemi lolote, na ni kosa kuyadai yaseme.

Na kuna jambo jingine yasiyoweza kulisema. Swali la mashindano lina sifa moja isiyobadilika: aliyelitunga analijua jawabu, au anajua kwamba jawabu lipo. Kijana huingia akiwa na yakini kwamba njia ipo, ni kuitafuta tu. Katika ulimwengu aliouumba Mwenyezi Mungu, maswali hayaji na ahadi hiyo. Hapa sihitaji kwenda Hungaria wala Urusi.

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika, wanafunzi walikuwa wakitengeneza aisikrimu. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuchanganya sukari, kungoja yapoe, kisha kuyatia katika friji ya kugandishia. Nafasi ilikuwa chache. Mwanafunzi mmoja, Erasto Mpemba, akaona atakosa mahali, akayatia maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu aliyakuta yameganda, hali ya mwenziwe, yaliyoingizwa baridi, yalikuwa bado uji mzito. Alimwuliza mwalimu, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye alipokuwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na wenzake wakamcheka. Alipokuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi, Mpemba alisimama mbele ya wote akauliza swali lile lile, na kwa mara nyingine kicheko kikazuka. Osborne hakucheka. Aliahidi kulijaribu, akalijaribu, na mwaka 1969 makala yao wawili ilichapishwa katika jarida la ualimu wa fizikia. Leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote, na wanasayansi wangali wakibishana: wengine wakitafuta sababu yake, na wengine, kama katika uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2016, wakitia shaka kama hutokea kweli kwa namna inayosimuliwa.

Mpemba hakupewa alama kwa swali lile. Kama lingeletwa katika mtihani, angeandika alichokiona na angekatwa. Lakini ninapojiuliza ni kitu gani kilichomsimamisha mara ya tatu, baada ya kuchekwa mara mbili, naona ni kile kile kilichomfanya kijana wa Canberra kuendelea kuandika katika swali lililowashinda wazee: kutokubali kusema "nimeelewa" hali hajaelewa, na kutoona haya kusema "sijui". Ikiwa mashindano humzoeza mtoto kukaa saa nne na nusu na kitu asichokijua, bila kukimbia na bila kudanganya, basi yamempa riziki kubwa, hata akirudi bila medali. Na ikiwa humzoeza kuona haya kwa asilolijua, yamemharibu, hata akirudi nayo shingoni. Yote mawili yanaweza kutokea katika ukumbi mmoja, kwa maswali yale yale, siku ile ile. Na mara nyingi linaloamua ni neno analolikuta mtoto mlangoni kwao.

Nilimweleza mzee mambo haya kwa ufupi kuliko nilivyoyaeleza hapa, kwani jioni ilikuwa imekwenda. Nilimwambia pia jambo ambalo hakulijua: kwamba katika Olimpiadi ya dunia, mshindani asiyepata medali lakini akalitatua swali moja kikamilifu, bila kupungukiwa alama hata moja, hupewa cheti cha kutajwa kwa heshima. Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Moja tu?" Nikamjibu, "Moja tu, Mzee. Lakini kamili."

Aliniuliza afanye nini sasa. Nilimshauri asimnunulie kijana zawadi wala asimpe hotuba. Amwombe radhi kwanza, kisha amwombe amwonyeshe lile swali alilolipata. Na akishaeleza, amwombe amwonyeshe moja katika yale matano yaliyomshinda, akae naye, hata kama yeye mwenyewe hakwenda shule zaidi ya darasa la nne. Mzee alisema hataelewa kitu. Nilimwambia kwamba hilo halina dhara.

Wiki tatu baadaye nilikutana naye sokoni. Aliniambia kwamba usiku ule kijana alisitasita, kisha akalileta daftari, na kwamba tangu hapo taa ya chumbani imekuwa ikimaliza mafuta. Swali waliloshika ni la pembetatu na duara. Mzee alikuwa na kijiti mkononi, akainama pale pale kando ya mafungu ya nyanya, akanichorea mchangani mpaka mwenye nyanya akatuomba tusogee. Walikuwa hawajalipata.

"Lakini tumejua," aliniambia, "kwamba njia ya kwanza haifiki."